Anayeshika Mali ya Mtoto Anadaiwa Hesabu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumzie jambo ambalo hapa Mombasa husemwa sana kwa lugha ya dhambi na adhabu, na kwa nadra mno kwa lugha ya daftari na risiti, nalo ni wajibu wa mtu mzima aliyeshika mali ya mtoto ambaye hajatimiza umri wa miaka 18. Mawaidha juu ya mali ya yatima tunayasikia mara kwa mara, na sidhani kuna mtu mzima wa Mji wa Kale au Kisauni asiyejua kwamba aya ya 10 ya Sura An-Nisaa inasema wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Ambalo silisikii ni swali dogo ambalo mhasibu yeyote angeanza nalo: kodi ya mwezi uliopita imeandikwa wapi?

Mimi ni mhasibu mstaafu. Nilifanya kazi ya vitabu vya hesabu kwa muda mrefu katika kampuni za mizigo, na tangu nistaafu jamaa na majirani huniletea makaratasi ya mirathi niwasaidie kuyapanga kabla hawajaenda kwa wakili au kwa kadhi. Katika makaratasi hayo, mwizi aliyekusudia wizi ni mtu adimu. Ninayemkuta mara nyingi ni ami au mama mkubwa mwenye nia safi, aliyebeba mzigo ambao wengine waliukwepa, akalipa karo, akaezeka paa, akamtibu mtoto, na baada ya miaka mingi hawezi kueleza zimeingia shilingi ngapi, zimetoka ngapi, na zilizobaki ni za nani. Mtoto akikua na kuuliza, ami huyo huona ametukanwa. Kwa maoni yangu ugomvi huo hauanzi siku mtoto anapouliza; huanza siku kodi ya kwanza inapopokewa na kutiwa mfuko mmoja na mshahara wa aliyeipokea.

Yapo mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya nyumbani huchanganywa. Kumlea mtoto, yaani kumlisha, kumvisha, kumpeleka madrasa na shule, ni kazi moja. Kusimamia mali yake ni kazi nyingine, hata kama mtu mmoja ndiye anayezifanya zote mbili. Wanazuoni huita ya kwanza hadhana na ya pili uwalii wa mali, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inatofautisha mlezi wa mtoto mwenyewe na mlezi wa mali yake. Huyu wa mali amewekewa wajibu ulio wazi: kuikusanya na kuipokea mali ya mtoto, kuiwekeza kwa manufaa ya mtoto, kuchukua kila hatua ya busara ili isipotee wala kuharibika, na kutoa hesabu kila mwaka inapotimia tarehe aliyoteuliwa, au wakati wowote mahakama itakapoamuru. Watu wazima wa heshima zao wamenishangaa nilipowaambia kwamba hesabu ni ya kila mwaka, kwa kuwa walidhani ni jambo la kusubiri mpaka mtoto aoe au aolewe.

Mambo huharibika mapema, aghalabu kabla matanga hayajaanuliwa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na katika muda huo wanaume wa ukoo ndio wanaoshika funguo, wanaopokea kodi kwa wapangaji, wanaokusanya hatimiliki na vitabu vya benki, na pengine wanaouza gari la marehemu kwa hoja kwamba lisije likaozea uani. Kila mmoja wao huona anasaidia. Lakini kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi, Sura ya 160 ya sheria za Kenya, hakimruhusu mtu kushika, kuuza wala kuingilia kwa namna yoyote mali ya marehemu bila mamlaka ya sheria au ya mahakama, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, mbali na kudaiwa alichokichukua. Siku hizi faini hiyo haizidi sana bei ya mbuzi mnono, na ningependa Bunge liitazame upya; hata hivyo kosa ni kosa, na nia njema ya kulinda gari lisioze haimpi mtu haki ya kuliuza.

Na kwa kuwa nimemtaja mbuzi, niseme pia juu ya hitima. Gharama za kumzika marehemu zinazokubalika kwa busara, yaani sanda, kaburi na yanayoandamana nayo, hutolewa katika mali yake mwenyewe mwanzo kabisa, na hapo sheria ya nchi na ya dini haziachani. Karamu ya hitima si maziko. Ikiwa warithi wote ni watu wazima na wameridhia kuchinja ng'ombe, hayo ni yao. Lakini mtoto wa miaka sita hana uwezo wa kuridhia ng'ombe, na hakuna ami wala shangazi awezaye kuridhia kwa niaba yake ili wageni wale pilau kwa fungu lake. Anayetaka kumkirimu marehemu na atoe mfukoni mwake. Nimeona hesabu moja ya mirathi ambayo mstari wake mkubwa kuliko yote katika mwaka wa kwanza ulikuwa ni mchele, nyama na mahema ya kukodi, na warithi wote katika faili hilo walikuwa bado shule ya msingi.

Barazani hutajwa mara nyingi kwamba Sheria ya Mirathi haituhusu sisi Waislamu. Kauli hiyo ni kweli nusu. Kifungu cha 2 kinaeleza kwamba suala la nani anamrithi Mwislamu na kwa mafungu gani ni la sheria ya Kiislamu, na ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010 imeipa mahakama ya kadhi mamlaka ya kuamua mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusimama mbele yake. Lakini kwa kila Mwislamu, awe alifariki kabla ya tarehe 1 Januari 1991, siku hiyo au baada yake, Sehemu ya Saba ya sheria hiyo, ambayo inahusu namna mali ya marehemu inavyosimamiwa, inatumika pia kila mahali ambapo haipingani na sheria ya Kiislamu, nami sijamsikia mwanazuoni aliyesema kwamba kuandika orodha ya mali kunapingana na Uislamu. Kwa hiyo kifungu cha 83 kinatubana sote, Mwislamu wa Majengo na Mkristo wa Mikindani: ndani ya miezi sita tangu kupewa barua za usimamizi, yaani hati ya mahakama inayomruhusu mtu kusimamia mali ya marehemu, msimamizi anatakiwa kuipelekea mahakama orodha kamili na sahihi ya mali na madeni ya marehemu, pamoja na hesabu ya kila alilolifanya kwa mali hiyo hadi siku hiyo. Mgawanyo ukishathibitishwa, ana miezi sita mingine ya kukamilisha kazi na kutoa hesabu ya mwisho, isipokuwa kwa fungu la mtoto, ambalo hubaki mikononi mwake kama amana, na yeye kwa kifungu cha 84 huwa mdhamini, yaani mshika amana, wa fungu hilo mpaka mwenyewe akue.

Katika sehemu hiyo hiyo kuna kifungu cha 58, ambacho laiti kingesomwa katika kila kikao cha ukoo. Mtu akifariki bila wosia na kuacha mtoto mdogo, mahakama haimpi mtu mmoja peke yake usimamizi wa mali hiyo, ila awe ni Mdhamini wa Umma au shirika la udhamini. Wanatakiwa angalau wawili, na kwa mhasibu hilo halihitaji maelezo marefu: penye saini mbili, udanganyifu unahitaji wapatane wawili, na usahaulifu unahitaji wasahau wawili. Familia nyingi hujaza nafasi ya pili kwa mdogo wake ami, mtu ambaye hatamuuliza kaka yake neno. Nafasi hiyo ingefaa apewe mama wa watoto. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya walio wengi hapa Pwani, uwalii wa mali ya mtoto ni wa baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii, yaani mtu aliyeusiwa kazi hiyo na mmoja wao, kisha kadhi. Ami hayumo katika mpangilio huo kwa uami wake tu, ingawa ukimsikiliza utadhani ndiye wa kwanza kutajwa. Na hakuna kinachomzuia kadhi kumteua mama kuwa wasii akiwa mwaminifu na mwenye kujua kuangalia mali. Nisieleweke vibaya: mama naye anadaiwa hesabu kama ami anavyodaiwa, na nimekutana na akina mama ambao swali la kodi huwaudhi zaidi kuliko wanaume.

Sasa nije kwenye daftari lenyewe, na hapa mhariri anivumilie nikae kidogo. Tuchukue mfano wa kubuni wa nyumba ya vyumba sita huko Majengo, kila chumba kikiwa na mpangaji alipaye shilingi 4,000 kwa mwezi. Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na wazazi wake walishatangulia. Nyumba hiyo huingiza shilingi 24,000 kwa mwezi, yaani 288,000 kwa mwaka. Thumni ya mjane, yaani sehemu moja ya nane, ni 36,000. Zinazobaki 252,000 ni za watoto: 126,000 za mvulana na 63,000 za kila binti. Kama binti mdogo ana miaka sita baba yake anapofariki, mpaka atimize miaka 18 fungu lake katika kodi peke yake litakuwa limefika shilingi 756,000, kabla ya kutoa sehemu yake ya ukarabati na ada nyingine. Hizo si fedha za kusahaulika, nazo ni za binti mmoja tu katika nyumba ya kawaida kabisa ya mabati.

Tazama sasa zinavyopotea bila mtu kuiba. Siku hizi kodi haiji kwa bahasha. Wapangaji huituma kwa simu, nayo hutua katika laini ile ile ambayo ami hupokelea mauzo ya duka lake, hulipia umeme wake na hutumia mkwe wake hela ya dawa. Baada ya miezi mitatu hakuna binadamu anayeweza kuzitenganisha, hata mwenyewe. Dawa yake ni rahisi na haina gharama ya kutajika: laini nyingine ya simu inayopokea kodi ya watoto tu, akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa ajili yao, na daftari lenye safu ya tarehe, ya kilichoingia, ya kilichotoka na ya sababu. Taarifa ya M-Pesa ikichapishwa kila mwezi na kubandikwa ndani ya daftari, nusu ya kazi ya hesabu imekwisha. Mpangaji akilipa taslimu, apewe stakabadhi na nakala ibaki.

Kuna mchanganyiko wa pili, nao ni wa siri zaidi kwa sababu unafanyika kati ya watoto wenyewe. Kaka mkubwa anaingia chuo, karo ni kubwa, na msimamizi anailipa kutoka katika kodi yote kana kwamba kodi ni mali ya watoto kwa jumla. Sivyo. Kila mtoto ana fungu lake, na kilichozidi katika karo ya kaka kimetoka kwa dada zake bila wao kujua. Pengine ni jambo jema kumsomesha kaka, na pengine dada zake watu wazima wangeridhia kwa furaha. Lakini kwa sasa hawana umri wa kuridhia, na anayewashikia mali hana ruhusa ya kuwafanya wakarimu. Kwa hiyo daftari liwe na kurasa za kila mtoto peke yake, na ukarabati wa nyumba, ambao ni wa wote, ugawanywe kwa mafungu yao na mjane akiwemo.

Nikisema haya, hujibiwa kwa aya ya 220 ya Sura Al-Baqara, inayoruhusu kuchanganya mambo yetu na ya mayatima kwa kuwa ni ndugu zetu. Aya hiyo naiamini na naipenda, kwa sababu ilikuja kuwaondolea watu uzito pale walipoanza kumpikia yatima chungu chake peke yake kwa kuogopa kula tonge lake. Lakini aya yenyewe inaendelea kusema kwamba Mwenyezi Mungu anamjua mharibifu na mtengenezaji, na ninavyoielewa ni ruhusa ya sufuria moja ya wali, si ruhusa ya kuacha kuandika kodi ya vyumba sita kwa miaka kumi na miwili. Mashekhe watanisahihisha nikiwa nimepotoka.

Je, anayesimamia ale nini? Aya ya 6 ya An-Nisaa imelieleza hilo wazi kuliko sheria nyingi: aliye na uwezo ajizuie, na aliye fakiri ale kwa kadiri inayokubalika. Katika sheria ya nchi kanuni ni kwamba mdhamini hajilipi mshahara kutoka katika mali anayoishika, isipokuwa wosia au mahakama imemruhusu, lakini hurudishiwa gharama halali alizozitoa kwa ajili ya mali hiyo, mradi aonyeshe risiti. Kujikopesha fedha za mtoto, hata kwa nia ya kuzirudisha mwisho wa mwezi, ni kutumia amana kwa faida yako. Kuinunua mwenyewe mali unayoisimamia ni mlango mwingine wa hatari. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Mirathi kinampa yeyote mwenye haki katika mali hiyo nafasi ya kuomba ununuzi huo ubatilishwe, hata kama bei ilikuwa ya haki. Nimewahi kumweleza hivyo mzee mmoja aliyetaka kununua kiwanja cha wapwa zake huko Bamburi, akaniambia kwamba afadhali kiwe chake kuliko kiende kwa mgeni. Nilimjibu kwamba mgeni angalau wangeweza kubishana naye bei.

Kuhifadhi si kufungia kabatini. Nyumba isipokarabatiwa, wapangaji watahama. Kiwanja kisipolipiwa ada za kaunti, deni litakua pamoja na mtoto. Mombasa tuna aina ya umiliki ambayo wageni huishangaa, yaani nyumba ni ya huyu na ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kila mwezi. Mtoto aliyerithi nyumba ya namna hiyo analindwa na stakabadhi za malipo hayo kuliko kitu kingine chochote, na nimeona zikihifadhiwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya dari, zimeliwa na mende. Kwa fedha taslimu, msimamizi akumbuke kwamba kwa madhehebu ya Shafii mali ya mtoto ikifika nisabu, yaani kiwango kinachowajibisha zaka, hutolewa zaka na walii wake, asilimia 2.5 kila mwaka, kwa hiyo fedha zilizolala zinapungua kwa zaka na kwa bei za bidhaa kupanda kwa pamoja. Anayejiepusha na riba ana benki za Kiislamu na anaweza kuwekeza katika upangishaji. Asiyejiepusha ana hati fungani za serikali. Biashara ya shemeji inayoahidi faida mara mbili kwa miezi sita si uwekezaji wa mali ya mtoto, haijalishi shemeji ni nani. Na fedha zikiwa nyingi zisiwekwe benki moja, kwa kuwa bima ya fedha zilizowekwa benki nchini humlipa mteja si zaidi ya shilingi 500,000 benki ikianguka.

Kuhusu kuuza, nitasema machache kwa sababu hapo wakili ni lazima. Kabla ya usimamizi kuthibitishwa na mahakama, msimamizi haruhusiwi kuuza nyumba wala ardhi ya marehemu. Kwa wasio Waislamu, mjane au mgane aliyebaki na haki ya kutumia mali maisha yake yote hawezi kuuza ardhi au nyumba hiyo bila idhini ya mahakama, hata kama watoto wakubwa wamekubali. Na jina la mtoto likiwa limeandikwa katika rejista ya ardhi, mlezi aliyeandikwa pamoja naye anamshikia tu. Wanunuzi nao wana lao: ukiona bei ya kiwanja cha Mtopanga ni ya chini kupita kiasi na muuzaji anasema watoto wa marehemu bado wadogo kwa hiyo hakuna wa kusumbua, jua unanunua kesi.

Vivyo hivyo fidia za ajali za barabarani. Anayemwakilisha mtoto mahakamani hawezi kupatana na kampuni ya bima nje ya mahakama bila idhini ya mahakama, na fungu la mtoto katika fidia aghalabu huamriwa liwekwe benki mpaka atimize miaka 18. Mafao ya pensheni yana njia yake tofauti, kwa sababu kwa sheria ya mafao ya uzeeni hayaingii katika mirathi bali hulipwa na wadhamini wa mfuko kwa kanuni zao. Ila yakishafika mikononi mwa anayemshikia mtoto, daftari ni lile lile.

Nikiuliza kwa nini hesabu haidaiwi, jibu ni muhali, yaani kuoneana haya. Mjane anaona muhali kumuuliza shemeji aliyemsimamia mazishi. Bibi anaona muhali kumuuliza mwanawe. Jirani anaona si lake. Naelewa, kwa kuwa nami ni mtu wa hapa hapa. Lakini sheria imetupa njia isiyomvunjia mtu heshima. Kifungu cha 83 kinairuhusu mahakama kumtaka msimamizi alete hesabu kwa hiari yake yenyewe, bila mtu kulalamika, au kwa ombi la yeyote mwenye maslahi katika mali hiyo. Ombi langu kwa wanaotoa amri za usimamizi, iwe mahakama ya kadhi, Mahakama Kuu au mahakama ya watoto pale Tononoka, ni kwamba kila panapokuwa na mtoto, amri yenyewe itaje tarehe ya hesabu ya kila mwaka, na masjala imwite msimamizi tarehe hiyo ikifika. Hapo mjane hatakuwa amemuuliza shemeji. Mahakama ndiyo itakayokuwa imeuliza, kama inavyowauliza wote. Kwa kamati za misikiti, ombi langu ni dogo zaidi: zichapishe karatasi moja yenye safu za hesabu na kuiweka karibu na sanduku la sadaka, ili anayetoka kusikiliza mawaidha ya mali ya yatima atoke na kitu cha kujaza.

Matokeo ya kutotoa hesabu si maneno matupu. Msimamizi anayepoteza au kutumia vibaya mali aliyokabidhiwa anawajibika kuilipa kutoka katika mali yake mwenyewe, kwa kifungu cha 94, na kutoa orodha au hesabu ya uongo kwa makusudi ni kosa la jinai kwa kifungu kinachofuata. Wapo wanaojifariji kwamba mtoto akishakua mambo yatakuwa ya zamani. Sheria ya muda wa kufungua mashtaka, Sura ya 22, haimwekei mnufaika wa amana kikomo cha muda anapomdai mdhamini wake kwa udanganyifu, au anapodai mali ya amana ambayo bado iko kwa mdhamini huyo au ambayo ameigeuza kuwa yake. Kijana wa miaka 35 anaweza kurudi kuuliza nyumba aliyoachiwa akiwa na miaka minne.

Siku ya kukabidhi, aya ya 6 imetaka mashahidi wawepo, nayo imetaka kabla ya hapo mayatima wajaribiwe mpaka ionekane wana busara ya mali. Kwa hiyo msimamizi asingojee mpaka mtoto apate kitambulisho. Binti akifika miaka 15 aketishwe, afunuliwe daftari, aonyeshwe kodi inaingiaje na fundi wa paa analipwaje, aachiwe kujumlisha ukurasa mmoja mwenyewe. Akifikisha 18, akabidhiwe hatimiliki, stakabadhi, salio la benki na daftari zima mbele ya mashahidi, wote watie saini, na nakala moja iende mahakamani.

Na kwa anayesoma barua hii akiwa ameshika mali ya mtoto kwa miaka kadhaa bila kuandika chochote, ushauri wangu ni huu. Asianze kutunga risiti za miaka iliyopita. Aombe taarifa za benki na za simu za muda wote zinazopatikana, awaulize wapangaji tarehe walizoingia na kodi walizolipa, akusanye risiti za shule na za vifaa vya ujenzi zilizopo, aandike kwa wino tofauti kila asilokuwa na ushahidi nalo, kisha aende kwa kadhi au kwa wakili na hesabu hiyo yenye mapengo kabla hajaitwa. Daftari la kurasa mia mbili linauzwa katika kila duka la vitabu mjini, na kodi ya mwezi huu bado haijaingia.

Mhasibu mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa.